Blanketi la kroshia limekwenda upande: dalili, sababu na namna ya kulirudisha

Blanketi linalozungumzwa hapa ni lile rahisi kuliko yote: mnyororo wa kuanzia, yaani vitanzi vilivyofumwa kimoja ndani ya kingine, kisha safu za kwenda na kurudi kwa mshono wa aina moja, mpaka urefu utoshe. Wanaolianza hapa Mbale wana sababu zao, huyu mjukuu yuko njiani, yule mtoto anapelekwa bodingi Kapchorwa ambako usiku wa mlimani hauna huruma, lakini wakikwama hukwama pale pale. Malalamiko yao ndiyo yaliyoupanga mwongozo huu. Tafuta dalili inayofanana na yako, uanze na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, na usikimbilie ya mwisho eti kwa kuwa inasikika ya kifundi.

Kabla ya yote, usifumue. Kasoro ya kroshia kwa kawaida imekaa safu moja au mbili, pengine kumi, chini ya pale jicho lilipoishtukia, na anayefumua kwa hasira hufumua kizuri akaacha kibaya. Toa sindano, pitisha pini ya nepi kwenye kitanzi kilicho wazi ili kisikimbie, tandaza kazi juu ya mkeka bila kuivuta, kisha itazame kwa mwanga wa mchana.

Na tuelewane maneno. Mshono mfupi: unachomeka sindano, unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili, unavipitisha vyote mara moja. Mshono mrefu: unazungusha uzi kwenye sindano kwanza, unachomeka, unavuta, vitanzi vinakuwa vitatu, unapitisha viwili, kisha viwili tena. Minyororo ya kugeukia ni ile unayofuma mwanzoni mwa safu ili kupanda kimo: mmoja kwa mshono mfupi, mitatu kwa mshono mrefu. Hiyo minyororo ya kugeukia ndiyo mama wa matatizo.

Blanketi linapungua upana, linaelekea kuwa pembetatu

Hili ndilo lalamiko namba moja. Hesabu mishono ya safu ya mwisho, kisha ya safu ya pili kutoka chini. Nambari zikitofautiana, umepoteza mishono. Zikiwa sawa lakini rula inaonyesha upana umepungua, hujapoteza kitu, ni mkono wako uliokaza, na hiyo ni sababu ya nne hapa chini.

Sababu ya kwanza: hufumi mshono wa mwisho wa safu. Kwa mshono mrefu, ile minyororo 3 ya kugeukia inahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Maana yake safu inayofuata inapofika mwisho, mshono wake wa mwisho unatakiwa kuchomekwa kichwani mwa ile minyororo 3. Kichwa hicho kimejificha, kimekonda, kimeinama nyuma, na anayeanza hudhani ni uzi tu uliolegea. Anageuka kabla ya wakati. Safu moja, mshono mmoja. Safu ishirini, mishono ishirini, na blanketi limekuwa bendera.

Sababu ya pili: umetumia kanuni ya mshono mrefu kwenye mshono mfupi. Kwa mshono mfupi, mnyororo 1 wa kugeukia hauhesabiwi. Mshono wa kwanza unaingia kwenye tundu la kwanza kabisa, lile lililo chini ya mnyororo. Ukiliruka, umepoteza mmoja.

Sababu ya tatu: umeruka mshono katikati. Hutokea kwenye taksi, hutokea umeme ukikatika, hutokea zaidi kwa uzi mweusi au wa bluu iliyokoza. Anayeanza namshauri achague rangi ya maziwa, ya waridi, ya njano, yoyote inayoonyesha vitanzi vyake. Nyeusi iache mpaka vidole vijue kazi bila macho.

Sababu ya nne: mkono unakaza kadiri siku zinavyokwenda. Ulianza umetulia Jumapili mchana, leo unafuma huku unasubiri habari mbaya. Pima mishono 10 ya chini na mishono 10 ya juu kwa rula; tofauti itajionyesha.

Tiba ya sababu mbili za kwanza ni moja. Kata vipande viwili vya uzi wa rangi nyingine. Kila safu, pitisha kimoja kwenye mshono wa kwanza na kingine kwenye mshono wa mwisho. Safu inayofuata huwezi kugeuka kabla hujakifikia kile cha mwisho. Ukimaliza safu, vihamishe juu. Baada ya wiki mbili tatu utaviacha mwenyewe.

Kuhusu kilichokwisha kupotea: kama ni mshono mmoja au miwili, na umeruka katikati, fuma miwili kwenye tundu moja katika safu unayofuma sasa na uendelee, hakuna atakayeona. Kama ni ukingoni na ni mingi, fumua mpaka safu ya mwisho yenye hesabu kamili. Wako wanaopenda kuficha kwa kuongeza mishono mitano ghafla kwenye safu moja. Blanketi hutoka na nundu, na nundu haifichiki chini ya shuka.

Linapanuka kila safu

Ndugu wa tatizo la juu, upande wa pili. Sababu kubwa: katika mshono mrefu, baada ya kupanda minyororo 3, unafuma tena kwenye tundu lile lile la chini yake. Hapo mishono imekuwa miwili kwenye tundu moja. Ruka hilo tundu, anza na linalofuata.

Sababu nyingine ni kufuma ndani ya mnyororo 1 wa kugeukia wa mshono mfupi, ukidhani ni mshono. Ya tatu, isiyo ya kawaida sana, ni kuupasua uzi: ncha ya sindano inaingia katikati ya nyuzi ndogo zilizosokotwa, kichwa kimoja kinaonekana kama viwili, na mkono unafuma mara mbili. Uzi uliosokotwa ovyo hupasuka hivi kila wakati. Ukiwa nao, badilisha uzi kabla ya kujilaumu.

Hesabu ni sawa, lakini blanketi linainama upande

Hii ndiyo inayowatoa watu machozi, kwa sababu wamehesabu. Nalongo mmoja, yaani mama wa mapacha, alikuja na blanketi la watoto wake, kila safu ya kurudi ina mishono 90, tumehesabu wote, na bado limelala upande kama nyumba ya udongo baada ya mvua ya Aprili. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa namna alivyoilinda hiyo hesabu.

Fuatilia kidole chako. Safu inakwenda kushoto, mwishoni unausahau mshono wa mwisho. Umebaki na 89. Unageuka, unarudi kulia, unahesabu, unagundua pungufu, unaongeza mmoja pale ulipo, yaani ukingo wa kulia. 90 tena, roho imetulia. Safu inayofuata inakwenda kushoto, unapoteza tena pale pale. Ukirudi unaongeza tena kulia. Kushoto kunaliwa, kulia kunalishwa, na kila ukirudi jumla ni ile ile. Blanketi zima linatambaa kwenda kulia.

Kwa hiyo ukikuta pungufu, usilipe mahali ulipo. Rudi utafute mshono ulipotea wapi, ulipe hapo hapo. Na kama kingo zote mbili zimeinama kwa mwelekeo mmoja kwa zaidi ya kiganja, usijaribu kulivuta likae sawa kwa maji na pini. Litakubali likiwa bichi, likikauka litarudi lilikotoka. Fumua, au ukubali kwamba una blanketi la mshazari na uanze la pili.

Kuna jamaa yake mdogo: hesabu sawa, blanketi limesimama wima, lakini kingo zina meno na matundu. Hapo minyororo 3 ya kugeukia haijahesabiwa kabisa: unafuma kwenye tundu la kwanza, na mwishoni unaiacha minyororo hiyo ielee nje. Idadi haibadiliki ila ukingo unakuwa na vifundo. Hili si kosa la kufumulia. Mzunguko mmoja wa mshono mfupi pembeni, ukishika hivyo vifundo ndani, hulisafisha. Kwa safu zilizobaki, panda kwa minyororo 2 badala ya 3 na matundu yatapungua.

Chini kumebana, juu kumefunguka

Ukilitandika linajikunja kama upinde, ukingo wa mwanzo mfupi kuliko mwingine. Hesabu haijabadilika. Karibu kila mara ni mnyororo wa kuanzia uliofumwa kwa mkono mzito. Mnyororo ni mgumu kwa asili yake, hauna pa kunyumbukia, na mwanafunzi mpya huukaza zaidi akiogopa usifumuke.

Kinga ni rahisi: fuma mnyororo kwa sindano kubwa kwa saizi moja, kama ya milimita 5 na nusu, kisha rudi kwenye ya milimita 5 kwa safu zenyewe. Kitanzi kikae kwenye mwili wa sindano, sehemu ile nene, kisikae kwenye shingo nyembamba karibu na ncha.

Ukishafuma nusu blanketi ndipo ukagundua, hapo shughuli ipo. Ukiwa umefuma safu nne au tano, anza upya. Ni saa moja ya kazi na huwezi kujuta. Ukiwa umefuma themanini, iko njia ya kuukata mnyororo wa chini, kuutoa kitanzi kimoja kimoja, na kufuma upya mwanzo uliolegea. Njia hiyo ni ya fundi. Ukikata pasipo kuwa penyewe, mishono ya safu ya kwanza inabaki wazi na huna uzi wa kuirudishia. Mtafute anayefuma masweta na vitambaa vya makochi kwa biashara, aone kwa macho kabla hajashika mkasi.

Ukiwa umefuma mnyororo mrefu kuliko ulivyohitaji, hilo wala lisikusumbue. Minyororo ya ziada hufunguliwa mmoja mmoja kutoka upande wa mwanzo kwa ncha ya sindano. Kwa hiyo kwenye blanketi la mishono 100, fuma minyororo mitano sita ya akiba na usijiumize kuhesabu mara tatu.

Limekuwa gumu kama mkeka

Sindano. Nasema sindano kabla sijaliona blanketi lenyewe. Wengi wetu kroshia tumeiona kwa mama na jajja (bibi) zetu wakifuma vitambaa vya makochi na vya meza kwa uzi mwembamba wa pamba, na sindano zao zilikuwa nyembamba, nyingine zimechongwa kutoka kwenye spoku ya baiskeli. Spoku ina unene wa kama milimita 2. Kwa kitambaa cha kochi inafaa sana. Uzi wa sweta ukiufuma kwa sindano hiyo utapata kitu cha kupangusia miguu mlangoni.

Uzi wa kawaida wa sweta za watoto wa shule unataka sindano ya milimita 4 mpaka 5. Ulio mnene zaidi, 5 na nusu mpaka 6. Saizi huandikwa kwenye bapa la sindano, pale unapoweka kidole gumba. Kama imefutika, ilaze juu ya rula usome upana wa mwili wake, si wa ncha.

Ikiwa sindano ni sahihi na bado gumu, mkono unakaza. Uzi usiuzungushe kidoleni zaidi ya mara moja. Ukishindwa kulegeza mkono, na wako wasioweza, panda saizi moja ya sindano, hakuna aibu. Ikiwa hilo nalo halikusaidia, basi mshono mfupi haukufai kwa uzi huo. Fuma mshono mrefu, blanketi litanyumbuka na utatumia uzi kidogo kwa eneo lile lile.

Jaribio la kufanya kabla ya kununua uzi wote: kipande cha sentimita 10 kwa 10. Kikunje mkononi. Kikisimama chenyewe, ni kigumu. Hesabu mishono iliyomo kwenye sentimita 10, na sasa unaweza kupiga hesabu ya mnyororo. Blanketi la mtoto mchanga la sentimita 75 kwa 90 linatosha. La kitanda cha bodingi lifikie 150 kwa 200, na hapo jiandae, maana eneo lake ni zaidi ya mara nne ya lile la mtoto, na uzi vivyo hivyo.

Limelegea, vidole vinapita

Kinyume cha hapo juu, kwa hiyo shuka saizi ya sindano. Lakini kwanza geuza kazi uangalie: je, unachomeka sindano chini ya nyuzi mbili za kichwa cha mshono, ile V iliyolala, au chini ya uzi mmoja tu? Anayeshika mmoja bila kujua hupata mistari kama matuta na kitambaa kinachovutika. Wapo wanaofanya hivyo makusudi kwa urembo, ila urembo uwe kwenye kila safu.

Hapa pana onyo ambalo si la ufundi. Blanketi la matundu makubwa halimfai mtoto mchanga. Vidole hunasa, na uzi uliochomoza unaweza kujizungusha kidoleni au kwenye kidole cha mguu usiku kucha. Ukikuta kidole kimevimba, kimekuwa chekundu au cha bluu, na uzi umezama ndani kiasi huuoni, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiachwe alale peke yake na blanketi lolote lililolegea, liwe la kufuma au la dukani. Mfunike ukiwa naye, mgongoni au mapajani. Vishada na vifungo viache kabisa.

Umefuata maelekezo, blanketi limetoka kubwa au dogo mno

Maelekezo ya Uingereza na ya Marekani hutumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Ile ambayo Wamarekani wanaiita singo, yaani mshono wetu mfupi, Waingereza wanaiita dabo. Dabo ya Wamarekani, mshono wetu mrefu, ni trebo kwa Waingereza. Vitabu vya zamani vya shule zetu vilifuata Uingereza. Video nyingi za intaneti zinafuata Marekani. Ukikuta neno singo mahali popote kwenye maelekezo, ni ya Marekani. Kama halipo, tafuta picha, uone mshono una kimo gani.

Rangi hazilingani, au zinachuja

Madonge mawili ya rangi moja, ukiyafuma yanaonyesha mstari. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu lina nambari yake kwenye lebo, karibu na nambari ya rangi. Linganisha zote mbili. Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, unaweza kupata pakiti nzima ya fungu moja. Owino, soko jingine la Kampala, kwenye madonge yaliyokwisha kuvuliwa lebo, ni macho yako na jua. Toka nje ya kibanda uyaangalie mchana kweupe, maana taa ya kibandani inaficha.

Kama umeshanunua na fungu lako limeisha dukani, usibadilishe donge kwa mkato. Fuma safu mbili za donge jipya, mbili za la zamani, kwa safu kama kumi. Jicho litadanganyika.

Kuchuja: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, usiuchanganye uzi huo na mweupe. Nyekundu ndiyo mkorofi mkubwa.

Walio wengi hawajui uzi wao ni wa nini. Choma kipande cha sentimita 5 nje ya nyumba, ukikishika kwa koleo juu ya sufuria ya maji. Akriliki, uzi wa viwandani wa jamii ya plastiki, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba hunuka karatasi. Akriliki iliyoyeyuka hudondoka ikiwa ya moto sana, basi watoto wakae mbali na usishike kwa vidole.

Safu nyingine nene, nyingine nyembamba

Kama uzi umeufumua kutoka kwenye sweta la mivumba, yaani mitumba, sababu ndiyo hiyo. Uzi uliokaa sweta miaka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa, na haushiki sawa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti upate kitanzi kirefu, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi, uloweshe, uning'inize na kitu chepesi chini yake hadi ukauke. Utanyooka.

Na kabla ya kununua sweta la mivumba kwa ajili ya uzi, ligeuze uone mshono wa ubavuni. Ukiona limepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaofunga kingo zilizokatwa, liache. Lilikatwa kutoka kwenye kitambaa, utakachopata ni vipande vifupi vya safu moja moja, kila kimoja na fundo lake.

Ncha zinachomoza, au tundu limefunguka

Ncha zinazochomoza zina sababu mbili: zilikatwa fupi, au zilifungwa fundo zikaachwa. Acha sentimita 15 kila unapoanza na kumaliza donge. Zipitishe kwa sindano butu ya kushonea sweta ndani ya mishono, upande mmoja, kisha rudi, kisha upande wa kwanza tena. Akriliki inateleza, ukipitisha mara moja itatoka siku ya kwanza ya kufua. Fundo peke yake hujisukuma hadi upande wa juu, na siku zote hutokea pale mgeni anapokaa.

Tundu la katikati ni jambo zito zaidi. Msumari wa kitanda umekamata, au panya. Usivute hata uzi mmoja. Pitisha pini ya nepi kwenye kila kitanzi kilicho wazi kuzunguka tundu. Kama ni uzi mmoja uliokatika na mishono miwili mitatu imelegea, chukua uzi wa rangi hiyo, ufuate njia ya mishono kwa sindano butu, ukiigiza ule wa pembeni, kisha ufiche ncha. Tundu likizidi upana wa kidole gumba, au likiwa limeshuka safu kadhaa, liweke kwenye mfuko pamoja na pini zake umpelekee fundi. Akikuuliza umejaribu kurekebisha kwanza, jibu analotaka kulisikia ni hapana.

Ukingo wa urembo una mawimbi, au umelivuta blanketi likawa bakuli

Mawimbi: mishono mingi mno. Bakuli: michache. Juu na chini, mshono mmoja kwa kila mshono. Ubavuni, ambako hakuna vichwa vya mishono, weka mmoja kwa kila safu ya mshono mfupi, miwili kwa kila safu ya mshono mrefu. Kwenye kila pembe weka mitatu kwenye tundu moja, vinginevyo pembe hujikunja. Mzunguko mmoja ukishakaa vibaya, wa pili hautaurekebisha, utauzidisha. Ufumue huo tu. Blanketi lenyewe halina kosa.

Limeharibika baada ya kufuliwa

Limerefuka: lilianikwa kwenye kamba likiwa zito la maji. Likamue kwa kulikandamiza ndani ya taulo, bila kulisokota, ulilaze juu ya mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, uvute kingo zikae sawa. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, anza asubuhi mapema, maana blanketi zito likilala bichi hunuka.

Usilianike kwenye nyasi. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi ya atakayejifunika. Nguo za pamba tunaziokoa kwa pasi ya moto. Akriliki haipigwi pasi. Inalala bapa, inang'aa, na hairudi tena. Ukiona kijipu chenye tundu dogo katikati kwenye ngozi ya mtoto, usikiminye, nenda kliniki.

Limesinyaa na kuganda: ilikuwa sufu, ikafuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa. Hilo halina dawa, kwa fundi wala kwa yeyote.

Mkono unauma

Hili watu hulitaja mwisho, wakiwa wanainuka kuondoka: "Mwalimu, na hiki kidole je?" Mara nyingi ni kushika sindano kwa nguvu, au blanketi limekuwa zito na linaning'inia likivuta kifundo cha mkono. Liweke mapajani au mezani, si hewani. Zungushia mpini wa sindano kitambaa au mpira ili unene, vidole visibane. Pumzika kila nusu saa, nyoosha vidole, fungua na kufunga ngumi.

Maumivu yanayoisha ukilala ni uchovu. Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, au mkono unaoangusha vikombe, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Acha kufuma na umwone mhudumu wa afya. Ukiwa mjamzito, mweleze, kwa sababu hali hii huwapata wajawazito mara nyingi. Na ncha ya sindano ikizama kwenye nyama, usiichomoe kwa nguvu, kulabu yake itararua. Kata uzi, acha sindano ilipo, ifunge isitikisike, uende hospitali nayo.